Ornella na Mizani ya Jumanne

Kama Ornella Nsimire alikuwa na kasoro, basi ni hii: mtoto akilia mbele yake, na yeye machozi humlengalenga. Ilianza zamani. Watoto wa majirani walipoteleza kwenye ngazi za udongo kule Kadutu, mtaa wao wa kilimani, yeye ndiye aliyefika wa kwanza kuwainua, na mara nyingi ikabidi wao wambembeleze yeye. Mama yake, Anne-Marie, anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni, hakuacha kumtania mbele ya wateja.

"Huyu njo docta wangu. Mugonjwa akilia, na yeye analia. Sasa dawa itatolewa na nani?"

Wateja walicheka, Ornella akanuna, na samaki wakauzika.

Alipopata diploma yake ya sekondari, na alama za kuringia katika biolojia na kemia, hakuna jirani aliyeuliza atasomea nini. Walijua ni udaktari. Waliuliza atausomaje. Baba yake yuko Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, na dhahabu yenyewe familia imeisikia kwa simu tu. Parokia yao, hata hivyo, ilikuwa na desturi ya kumsomesha kijana mmoja kila mwaka. Ornella akavaa sketi ya Jumapili, akapeleka ombi kwa Padri Philémon.

Padri alisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, kisha akazipanga upya.

"Karatasi iko muzuri," alisema. "Lakini umeshaguza mugonjwa?"

"Hapana, mon père."

"Umeshaona damu? Si ya kuku."

Ornella alikiri kwamba ni ya kuku tu.

"Basi fanya mwaka moja kwa centre de santé. Ukimaliza, uniletee barua ya titulaire. Aandike na mukono yake mwenyewe kama unafaa. Mbele mwezi wa tano iishe. Bila ile barua sitapeleka jina yako kwa comité."

Wapo waliosema padri ana roho ngumu. Hapana. Alikuwa amekwisha kuwapeleka vijana wawili kwenye udaktari wakazimia siku ya kwanza ya kuonyeshwa maiti, na mmoja wao sasa anauza simu sokoni Nyawera, tena anauza vizuri. Safari hii alitaka mtu aliyekwisha kujaribiwa.

Ndivyo Ornella alivyojikuta katika kituo kidogo cha afya juu ya kilima, chini ya Papa Léopold Bisimwa. Huyu ndiye titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mzee mfupi wa maneno machache ambaye miwani yake imeshikiliwa na uzi wa kushonea vidonda. Kwa miezi ya kwanza alimpa ufagio. Baadaye vyombo vya kuchemsha. Baadaye fomu za wagonjwa, azipange kwa herufi. Alimwita chumba cha uzazi mara ya kwanza mwezi wa kumi na moja, ashike taa ya tochi umeme ulipokatika, na Ornella hakuzimia. Alilia, ndiyo, lakini taa haikutikisika. Papa Léopold aliliona hilo, na mwezi wa pili akamkabidhi mizani ya Jumanne.

Jumanne ilikuwa siku ya kupima watoto. Asiyewahi kuiona asidhani ni shughuli ya hospitali tu. Akina mama wa kilima kile huifanya kama Jumapili ya pili. Mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta mpaka anateleza, anavishwa kofia ya sufu, soksi, tricot juu ya tricot, yaani sweta mbili mbili, halafu anafungwa mgongoni kwa kitenge cha kutokea. Wanapanda wakiimba. Wakifika wanaketi kwenye mabenchi na kukaguana kwa jicho la pembeni: nani ananenepa, nani amebaki palepale, kofia ile mpya imetoka wapi. Kisha mtoto anavuliwa yote hayo mbele ya watu, anatiwa katika kaptula ya turubai, anatundikwa kwenye mizani inayoning'inia darini, na mshale unasema kilo zake. Kilo zinaandikwa kwenye karata, yaani kadi ya mtoto, yenye rangi tatu: kijani ya afya, njano ya onyo na nyekundu ya hatari. Mwisho mkono wake unazungushiwa utepe wa kupima unene, wenye rangi hizo hizo.

Kazi ilikuwa hapo kwenye kuvua. Watoto walipiga makelele, akina mama walikunja uso, na mama mwenye mtoto mwembamba alitamani ardhi ipasuke. Kilimani kuna neno moja ambalo hakuna mzazi anayetaka kulisikia likisemwa juu ya mwanawe, nalo ni bwaki, ugonjwa wa utapiamlo. Likishatamkwa benchini, jioni limefika sokoni.

Mwezi wa tatu mvua ikagoma kukatika. Dirisha la chumba cha kupimia lilikuwa limekosa kioo kimoja, na upepo uliingia kama mwenye nyumba. Jumanne moja alitundikwa binti mdogo, akatetemeka mpaka midomo ikabadilika rangi. Ornella alimshusha haraka, akamfunika kwa kitambaa chake mwenyewe cha shingoni, na mtoto aliyefuata hakumvua.

"Muache nguo, maman," alisema. "Baridi iko mingi. Nitatoshaka uzito ya nguo kwa kichwa."

Na siku ile kweli alitoa. Gramu mia mbili kwa huyu, mia tatu kwa yule. Jumanne iliyofuata alitoa kwa wengine, wengine akawasahau. Kufikia Jumanne ya nne hakutoa tena kitu. Utepe nao aliuzungusha juu ya mkono wa tricot, akaubana kidogo, akaona inatosha. Si kwamba alikuwa mvivu, maskini. Aliona watoto wametulia na mama zao wanatabasamu, akadhani huko ndiko kufanya kazi vizuri.

Foleni ilikwenda mbio. Akina mama wakaanza kumwita docta wetu. Papa Léopold, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta akiona wagonjwa, alichungulia mlangoni.

"Ornella, uko na mukono muzuri. Minafanyaka hii kazi miaka trente et un, sijaonaka mardi ya kimya kama hii."

Sifa ile ya Jumanne ya kimya, tena kutoka kwa mtu wa miaka thelathini na moja kazini, Ornella alirudi nayo nyumbani, akamhadithia mama yake mara mbili.

Katika wote, aliyempenda zaidi alikuwa Larissa. Huyu ni msichana wa miaka kumi na tisa, jirani yao ngazi ishirini chini, mume wake amekwenda machimboni Mwenga, na yeye amebaki kwa mama mkwe pamoja na mwanawe Héritier wa miezi minane. Larissa alikuwa akija akiwa amemfunga Héritier nguo mpaka mtoto haonekani, na zamani zile za kuvua alikuwa akingoja mabenchi yabaki matupu ndipo asimame. Sasa alikaa mbele. Mwezi wa tano ulipoanza, mizani ilisema kilo saba kamili. Ornella akaweka nukta kwenye rangi ya kijani, chini kidogo, lakini kijani. Larissa aliibusu ile karata.

Ikabaki wiki mbili barua iandikwe.

Jumamosi moja jua lilitoka baada ya siku nyingi, na kilima chote kikatoka nje kufua. Ornella alikuwa anashuka na beseni la nguo kichwani alipomkuta Larissa mlangoni kwake, anamwogesha Héritier ndani ya bakuli kubwa la plastiki.

"Docta, uje uone mutoto wako!" Larissa alimwita.

Ornella akaja. Mtoto alikuwa uchi juani. Mbavu zake zilihesabika. Ngozi ya mapaja ilikuwa imekunjamana, mikono haikuwa minene kuliko dole gumba la mtu mzima, na macho yake makubwa yalimtazama Ornella bila haraka. Hakulia hata maji yalipomwingia machoni.

Ornella alikuwa ameshusha beseni chini. Alisema kitu, hakumbuki nini, akachukua beseni lake na kuondoka. Nguo zile hazikufuliwa siku ile.

Sasa hapa asije mtu akajifanya mtakatifu. Ornella aliliwaza lile ambalo wengi wangeliwaza. Angeweza kumpeleka Héritier kituoni kimya kimya, aseme mtoto ameharisha na kuishiwa ghafla. Mambo kama hayo hutokea kila wiki. Karata ingeonyesha anguko la mwezi mmoja, mtoto angepewa chakula chake cha dawa, na barua ingefika kwa padri. Nani angejua? Jumapili misani aliketi na kusimama pamoja na wenzake, na katika mahubiri yote hakusikia neno. Rejista ilikuwa na watoto mia moja sitini na wawili. Wote amewapima na nguo zao. Ni wangapi walio kama Héritier chini ya zile tricot? Hakujua, na hakukuwa na njia ya kujua ila kusema. Aliogopa kweli. Udaktari ndio kitu pekee alichokuwa amewahi kukitaka.

Jumatatu asubuhi alimkuta Papa Léopold mezani. Mbele yake ilikuwa karatasi nyeupe, mistari minne imeshaandikwa kwa wino wa bluu, na Ornella alisoma jina lake likiwa limepinduka.

"Papa," alisema, akiwa bado mlangoni, "watoto nilibapima na nguo."

Mzee aliinua kichwa.

"Mardi ngapi?"

"Tisa."

"Na mukono?"

"Juu ya nguo, papa. Yote. Mutoto ya Larissa nilimuona samedi bila nguo. Amekwisha."

Papa Léopold alivua miwani. Ornella alisikia wagonjwa wakikohoa nje. Alingoja afukuzwe. Aliona hata afadhali afukuzwe mapema.

"Na miye nilikuwa wapi?" mzee alisema. "Nilisikia mardi ya kimya, nikafurahi. Miaka trente et un, sikujiuliza juu ya nini watoto habalie."

Akavuta rejista, akaandika kosa lile kwa maneno ya wazi, Jumanne zote tisa, akatia saini jina lake mwenyewe. Ile barua yenye mistari minne akaikunja na kuitia droo. Halafu akapanda kwenye kiti, akaishusha mizani kutoka darini.

"Kamata rejista. Tunaanza kwa Larissa."

Waliitundika mizani kwenye mbao za paa la Larissa. Mama mkwe, Maman Bibiane, alisimama kando amekunja mikono. Larissa alimvua mtoto pole pole, nguo moja moja, na alipobaki uchi aliwageuzia watu mgongo kidogo, amkinge. Mshale ulisimama kwenye kilo sita na gramu mia moja. Utepe ulipozungushwa mkononi ukaonyesha nyekundu.

Larissa hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na ile karata, akaishika mbele ya uso wa Ornella.

"Weye njo uliandika hii. Mama mukwe aliniambia mutoto anakonda. Mara mbili. Mara mbili nikamuonyesha carte yako. Nilimujibu vibaya, nikasema ananichukia, nikasema anatafuta kuniita mama wa bwaki. Mutoto alikuwa anaisha, miye niko namushindisha mama mukwe na karatasi yako."

"Ni miye nilikosa, Larissa. Si weye. Nilimuonea mutoto huruma, alafu sikumupima."

Macho ya Ornella yalijaa. Larissa aliyaona.

"Usinililie," alisema. "Ukilia, nitaanza kukubembeleza, na leo sitaki."

Ornella aliyameza. Papa Léopold alimkabidhi Larissa pakiti za karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa na mafuta, akamweleza namna ya kumlisha kidogo kidogo, na aje kila wiki. Ornella alishika rejista, akaandika kilo sita na mia moja, na mwandiko wake ulikuwa mbaya.

Siku kumi na moja walizunguka kilima. Walipanda na kushuka, mizani begani kwa zamu, matope mpaka magotini. Kila mlango Ornella alisema yeye mwenyewe, maana Papa Léopold alikataa kumsemea: nilimupima mubaya, ninaomba nimupime tena. Mama mmoja alimfungia mlango, wakarudi kesho yake. Mwingine alimpa ndizi. Wengine walimtazama tu, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Katika watoto wale mia moja sitini na wawili walipata watano wa njano, na wawili wa nyekundu, Héritier na binti mmoja wa bondeni. Wote walikuwa hai. Usiku wa siku ya mwisho Ornella alipiga magoti akashukuru mpaka akasinzia hapo hapo.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano Papa Léopold alimwita ofisini. Droo ilikuwa imefungwa.

"Barua," alisema. "Nilifikiri sana juu yake. Nikiandika bila kutaja hii jambo, nitakuwa nadanganya mon père. Nikitaja, comité hawatasoma mustari ya pili. Watasoma tu kosa." Alisugua macho. "Mwaka huu siandike, mutoto wangu. Hapana juu ya kukupatia malipizi. Juu sijaona bado vile utapima sasa, nyuma ya hii kosa. Nataka nione kwanza."

Ornella alisema ndiyo papa.

"Mardi utakuja?"

"Nitakuja."

Nafasi ya parokia akapewa Benoît, kijana mtaratibu wa mtaa wa juu, na kusema kweli alistahili. Habari ilisomwa kanisani baada ya misa. Ornella alipiga makofi na watu wote, akafika nyumbani, akajilaza juu ya magunia tupu ya mama yake na kulia kama mtoto. Anne-Marie hakumtania. Aliketi sakafuni kando yake, mikono bado inanuka samaki, akamshika kichwa.

"Ulifanya vizuri, na inauma," alisema. "Yote mbili ni kweli. Lia tu."

Kisha akampikia chai yenye sukari nyingi, kama anavyompikia mtu aliyefiwa.

Mvua ikakatika, kiangazi kikaingia na vumbi lake. Jumanne zilizofuata Papa Léopold alipima watoto mwenyewe, na Ornella aliandika. Kina mama walimsalimia kwa adabu, na neno docta halikusikika tena. Héritier alikuja kila wiki. Larissa alimpa Papa Léopold mtoto, akapokea pakiti, akaondoka bila kumtazama Ornella.

Katikati ya mwezi wa sita mzee alikuja asubuhi, akapachika mizani, akaujaribu mshale kwa kidole.

"Leo ni weye," alisema, akaenda kwa wagonjwa wake.

Ornella alisimama chini ya mizani, mikono mitupu. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na nyimbo zilikuwa zimekwisha zamani.

"Anayeanza anaweza kuja," alisema. "Tunatosha nguo yote, mutoto abaki uchi."

Hakuna aliyesimama. Mama mmoja alimrekebisha mwanawe kofia ambayo haikuwa imeharibika. Mwingine alikohoa, akatazama mlango wa Papa Léopold. Ornella aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, na hakuondoka. Alikuwa amejiambia kwamba akikaa pale mpaka saa sita bila mtoto hata mmoja, basi atakaa.

Nyuma kabisa, ukutani, Larissa akainuka. Maman Bibiane aliinuka naye, amemshikia begi. Walipita katikati ya mabenchi mpaka mbele, na hapo, mbele ya macho ya kilima kizima, Larissa akafungua kitenge. Akamvua Héritier kofia. Akamvua tricot ya kwanza, na ya pili, na suruali ya sufu, na soksi, na kitambaa cha ndani, akampa mama mkwe kila kimoja, bila haraka. Mtoto akabaki kama alivyozaliwa. Mbavu bado zilionekana. Kwenye mabenchi mtu alivuta pumzi kwa nguvu, na Larissa alisikia, akageuka akamtazama mtu huyo mpaka akainamisha kichwa.

Papa Léopold alikuwa ametokea mlangoni. Larissa alimwona. Hakumpelekea mtoto. Alimweka mikononi mwa Ornella.

"Mupime," alisema. "Weye njo ulirudi kuniambia kwa mulango yangu. Nitakuamini weye."

Héritier alianza kulia. Kilikuwa kilio cha mtoto mwenye nguvu, cha hasira, kilichojaza chumba na kutoka nje kwa lile dirisha lililokosa kioo. Alipiga teke mara mbili wakati Ornella anamtia kwenye kaptula ya turubai. Ornella alikazia macho mshale, akangoja utulie, akausoma, akangoja, akausoma tena. Akamzungushia utepe kwenye ngozi.

"Kilo sita na mia nane," alisema. "Mukono ni njano."

"Umesoma vizuri?"

"Nimesoma mara mbili."

Larissa alijifuta macho kwa kiganja, akanyoosha mgongo.

"Basi sema kwa nguvu," alisema. "Wote basikie."

Ornella akaitaja tena, juu ya kile kilio, kwa sauti iliyofika benchi la mwisho. Mama aliyekuwa karibu akaanza kumvua mwanawe kofia.